Navaratri: Usiku Tisa, na Kila Nyumba na Desturi Yake

Kila mwaka, kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Oktoba, wakazi wanaoishi karibu na kumbi za jumuiya za Wahindu husikia ngoma ikianza jioni. Husikika usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa tisa. Ukipita langoni utaona magari yamejaa kandokando ya barabara, akina mama na wasichana wamevaa sketi pana zenye vioo vidogo vinavyometameta, na vijana wameshika vijiti viwili viwili. Asiyejua husema, "Wahindi wana harusi." Harusi ya usiku tisa? Mwingine husema ni disko, na hapo ndipo malalamiko huanzia. Disko jirani anaweza kutaka lizimwe. Ibada ni jambo jingine, na ina masharti yake kwa wote wawili, anayeabudu na anayetaka kulala.

Kwa hiyo ni vyema kwanza tujue kinachofanyika humo ukumbini, kisha ndipo tuzungumzie spika.

Tuanze na maneno mawili ambayo Kiswahili chetu cha kila siku huyachanganya. Mhindi ni mtu mwenye asili ya India. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Uhindu. Wapo Wahindi wengi nchini ambao si Wahindu: Waismailia na Mabohora ni Waislamu, Magoa wengi ni Wakatoliki, Masingasinga wana dini yao na Wajaini wana yao. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wahindu takriban 60,000 katika Kenya nzima. Ni wachache, lakini wapo hapa tangu zamani, na mwezi Julai 2017 Serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya India kuwa kabila la 44 la nchi hii.

Navaratri ni neno la Kisanskriti: nava ni tisa, ratri ni usiku. Sikukuu hii hufuata mwezi wa angani, ikianza mara baada ya mwezi mwandamo wa mwezi uitwao Ashwin. Ndiyo maana tarehe zake hazitulii. Mwaka 2024 ilianza tarehe 3 Oktoba, na mwaka 2025 ikaanza tarehe 22 Septemba. Msomaji aliyezoea Ramadhani atauliza: mbona basi haizunguki mwaka mzima, leo kiangazi kesho masika? Jibu ni kwamba kalenda ya Kihindu, kila baada ya takriban miaka mitatu, huongezewa mwezi mzima ili irudi sambamba na majira. Kalenda ya Kiislamu haiongezewi. Kwa hiyo Navaratri huyumba wiki chache tu huku na huku, na India huikuta mvua za masika yao zinakwisha na mavuno yanakaribia.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Mahishasura, jitu lililoweza kujigeuza nyati. Lilikuwa limepewa ahadi kwamba hakuna mwanamume wala mungu wa kiume atakayeliua. Kinga dhidi ya mwanamke halikuiomba, kwa maana halikumhesabu mwanamke kuwa tishio. Likawafukuza miungu kutoka mbinguni. Miungu wakaunganisha nguvu zao, na kutokana na nguvu hizo akatokea Durga, mungu wa kike, na kila mmoja akamkabidhi silaha yake. Vita vilidumu siku tisa. Siku ya kumi jitu likauawa, na siku hiyo huitwa Vijayadashami au Dasera, siku ya ushindi.

Wahindu wengi wanakubaliana na kisa hicho. Namna ya kukiadhimisha ndiyo inayotofautiana, na tofauti yenyewe ni kubwa kiasi kwamba mtu wa Gujarat akifika Kolkata wakati wa Navaratri huweza kujiona mgeni kabisa.

Chungu chenye taa

Tunachokiona Kenya kwa sehemu kubwa ni desturi ya Gujarat, jimbo la magharibi mwa India lililo kwenye bahari hii hii ya Hindi. Majahazi ya Kachchh na Kathiawar yalikuwa yakija Lamu, Mombasa na Zanzibar kwa pepo za kaskazi tangu kabla ya ukoloni. Reli ilipojengwa kati ya 1896 na 1901, waliletwa vibarua wapatao 32,000 kutoka India, wengi wao kutoka Punjab, na wengi walirudi kwao kazi ilipokwisha. Wafanyabiashara walioifuata reli hiyo, wakifungua maduka kituo baada ya kituo, wengi walikuwa Wagujarati. Hao walikuja na Navaratri yao.

Kitovu cha Navaratri ya Kigujarati ni chungu cha udongo kilichotobolewa matundu ubavuni, na ndani yake taa ya mafuta inayowaka. Chungu hicho huitwa garbo. Jina hilo, pamoja na jina la mchezo wenyewe, garba, linatokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya tumbo la uzazi. Chungu ni tumbo la mama na mwanga ni uhai uliomo. Wanawake hukizunguka wakiimba na kupiga makofi, hatua mbele, hatua nyuma, kugeuka, na mduara unaendelea. Kuzunguka huko ndiyo ibada yenyewe. Ndiyo sababu wengi hucheza miguu mitupu, kama mtu anavyovua viatu kuingia hekaluni au msikitini.

Katika kumbi kubwa za mijini huenda usikione chungu, lakini angalia katikati ya duara. Utaona meza ndogo iliyotandikwa kitambaa, picha au sanamu ya Mama, maua, na taa. Hao mamia ya watu wote wanaizunguka hiyo meza. Kuna wakati muziki wa mchezo hukoma na watu husimama kuielekea. Hapo huja arti: sinia yenye taa za samli huzungushwa mbele ya sanamu huku wimbo wa sifa ukiimbwa, kisha sinia hupitishwa kwa watu. Kila mmoja huweka viganja juu ya mwali na kujipaka usoni ile joto yake. Mgeni aliyealikwa anaweza kusimama kimya tu. Hakuna atakayemlazimisha.

Vijiti huja baadaye. Huo ni mchezo mwingine, dandiya, unaochezwa wawili wawili kwa kugonganisha vijiti na kuhama kwenda kwa mwenzi anayefuata. Wengine husema vijiti ni mfano wa upanga wa Durga. Sina budi kukiri kwamba hapa ndipo ibada na starehe hukaribiana mno, na wazee wa Kigujarati wenyewe hunung'unika kuhusu vijana wanaokuja kwa ajili ya mavazi na picha za simu. Manung'uniko hayo tunayajua; kila dini ina wazee wake.

Garba ya Gujarat iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu Desemba 2023, katika mkutano uliofanyika Kasane, Botswana.

Upande usioonekana barabarani ni ule wa nyumbani. Siku ya kwanza, familia huweka mtungi wa maji, juu yake majani ya mwembe na nazi nzima. Kando yake huwa na udongo uliopandwa shayiri. Shayiri huota kadiri siku zinavyokwenda, na siku ya tisa huwa imefika urefu wa shibiri au zaidi. Ikiota vizuri huchukuliwa kuwa ishara ya mwaka wa neema. Baadhi ya nyumba huwasha taa moja siku ya kwanza na kuilinda isizimike mpaka mwisho, mchana na usiku.

Wengi hufunga, lakini si kama Ramadhani. Mmoja hula mlo mmoja kwa siku, mwingine hula matunda na maziwa tu, mwingine huacha nafaka na kula viazi na mihogo. Muhogo, ambao Wahindi wa Kenya huuita mogo, umekuwa chakula cha mfungo kinachokubalika. Kitunguu na kitunguu saumu huondolewa jikoni. Mfanyakazi wa nyumbani akiyajua haya mapema, anaokoa taabu nyingi: hataizima ile taa kwa kudhani imesahauliwa, wala hatatia kitunguu kwenye sufuria kwa mazoea.

Kwa Wapunjabi, siku ya nane au ya tisa wasichana wadogo hualikwa nyumbani, wakaoshwa miguu na mwenye nyumba, kisha wakapewa puri, chana na halua pamoja na zawadi ndogo. Kwa muda huo wao ndio Mama. Baba mtu mzima, huenda tajiri wa mtaa, huchutama akamwosha miguu mtoto wa miaka saba.

Binti aliyerudi kwa wazazi

Bengal, mashariki mwa India, Durga haji kama shujaa wa vita tu. Anakuja kama binti aliyeolewa mbali anayerudi kwa wazazi wake siku chache, akiwa na watoto wake wanne: Ganesha, Kartikeya, Lakshmi na Saraswati. Kila mzazi aliyeozesha binti wilaya ya mbali anaelewa kwa nini watu hulia siku ya mwisho.

Mafundi wa mtaa wa Kumartuli huko Kolkata hutumia miezi kadhaa kuunda sanamu kwa mianzi, nyasi kavu na udongo wa mto. Macho ya Durga huchorwa mwisho. Sherehe kubwa huanza siku ya sita, si ya kwanza. Asubuhi ya siku ya saba mgomba mchanga, uliofungwa pamoja na mimea mingine minane, huogeshwa mtoni, ukavishwa sari na kusimamishwa kando ya Ganesha. Watu humtania kuwa ndiye mkewe. Siku ya nane inapopokezana na ya tisa, huwashwa taa 108. Mitaa hujaa mahema makubwa yaliyojengwa kwa ustadi wa ajabu, na watu hutembea usiku kucha kuyaangalia, kutoka moja hadi jingine.

Halafu Wabengali hula nyama na samaki. Jambo hili huwashangaza Wagujarati kuliko lolote. Mmoja amefunga kwa ajili ya Mama, mwenziwe anapika nyama ya mbuzi kwa sababu Mama amekuja nyumbani, na mgeni wa heshima hapewi viazi vitupu. Wote wawili wana hoja.

Siku ya kumi, wanawake walioolewa humpaka Durga unga mwekundu wa sinduri, na kupakana wao kwa wao, wakimwaga. Kisha sanamu hupelekwa mtoni na kuzamishwa, udongo ukarudi udongo. Durga Puja ya Kolkata nayo iliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2021.

Siku ambayo hakuna anayesoma

Kusini mwa India hakuna mduara wala mahema. Katika nyumba za Watamil hujengwa ngazi ndani ya sebule, idadi yake ikiwa witri, tatu, tano, saba au tisa, na juu yake hupangwa vinyago: miungu juu, halafu wafalme, halafu watu wa kawaida, muuza mboga, polisi, maharusi. Vingine vimerithiwa tangu kwa bibi. Majirani wa kike hutembeleana kuviona, huimba wimbo mmoja au miwili, wakapewa tambuu na chana zilizochemshwa.

Siku ya tisa ndiyo ningependa wanafunzi wetu waijue. Vitabu huwekwa mbele ya Saraswati, mungu wa kike wa elimu, na siku hiyo hakuna ruhusa ya kusoma. Watoto huipenda kwa sababu zao. Siku hiyo hiyo vifaa vya kazi huoshwa na kupewa heshima: nyundo ya fundi, cherehani ya mshonaji, mizani ya muuzaji, kompyuta ya karani. Mabasi na malori huvishwa mashada ya maua, hupakwa msandali, na ndimu huwekwa chini ya magurudumu ili gari likianza kutembea lizipasue. Dereva wa matatu aliyeandika dua juu ya kioo cha mbele hatahitaji kufafanuliwa maana yake.

Asubuhi ya siku ya kumi, huko Kerala, mtoto hupakatwa mbele ya sinia la mchele, mzee akamshika kidole na kumwandikisha herufi zake za kwanza. Desturi hii imevuka mipaka ya dini. Hata baadhi ya makanisa ya Kerala huifanya.

Mahali pengine nitapita haraka. Mysuru hutembeza tembo aliyebeba kiti cha dhahabu chenye sanamu ya mungu wa kike wa mji. Telangana wanawake hupanga maua kwa matabaka kama kichuguu, wakayazunguka wakiimba, kisha wakayaelekeza majini. Kaskazini kisa cha siku ya kumi ni cha Rama kumshinda Ravana, mfalme aliyemteka Sita mkewe; huigizwa jukwaani usiku baada ya usiku, na mwisho sanamu ndefu za Ravana huchomwa moto. Na bonde la Kullu, milimani, huanza sherehe yake siku ile ile ambayo wengine wote wanamaliza.

Sasa, kuhusu spika

Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 32, inampa kila mtu haki ya kuabudu na kuadhimisha dini yake peke yake au pamoja na wengine. Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo linaipa serikali ya kaunti jukumu la kudhibiti kelele, na pia shughuli za utamaduni na burudani ya umma. Haki na jukumu hilo vinaishi pamoja. Kanuni za kitaifa za kelele za mwaka 2009 hazikusema kwamba ibada inaruhusiwa kumkosesha mtoto wa jirani usingizi, wala hazikusema kwamba sikukuu ya wachache ni usumbufu. Zimeweka njia ya kuomba leseni mapema.

India yenyewe imelikuta swali hili. Kanuni zao za mwaka 2000 zinakataza vipaza sauti nje kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi, lakini zinaruhusu majimbo kulegeza hadi saa sita usiku kwa siku zisizozidi 15 kwa mwaka, kwa ajili ya sikukuu. Mahakama ya Juu kabisa ya huko iliuunga mkono utaratibu huo mwaka 2005. Kwa hiyo kuuliza "mtamaliza saa ngapi?" si kuidharau dini ya mtu. Wahindu wa Ahmedabad huulizana hivyo hivyo.

Wanaoandaa wanashauriwa waombe leseni mapema, wageuzie spika ndani, waweke watu wa kuongoza magari yasizibe milango ya wengine, na wawape majirani ratiba ya siku zote tisa pamoja na nambari ya simu ya mtu atakayepokea usiku. Jirani anayejua kwamba ngoma itakoma saa fulani huvumilia zaidi ya yule asiyejua. Mkazi mwenye lalamiko na aanze kwa mwandalizi, kisha afisi ya mazingira ya kaunti. Kurusha mawe juu ya paa la ukumbi, au kuwaambia Wakenya wenzako "rudini kwenu", ni jinai au karibu na jinai, na hakupunguzi kelele.

Ukialikwa, nenda. Vua viatu panapovuliwa. Usipite katikati ya duara. Usipige picha za wasichana bila ruhusa. Utapewa prasad, yaani kitamu au tunda lililowekwa kwanza mbele ya sanamu, na hupokewa kwa mkono wa kulia. Kama dini yako haikuruhusu kula kilichotolewa mbele ya sanamu, sema hivyo kwa upole kabla ya kupokea, ukiweka mkono kifuani. Mwenyeji ataelewa, maana naye ana vyakula asivyokula. Kinachomuumiza ni kuikuta prasad imetupwa kwenye pipa la taka pale mlangoni.

Linabaki suala la maji. Baada ya siku ya kumi, shayiri iliyoota, maua na mara nyingine sanamu hupelekwa ziwani, mtoni au baharini. Shayiri, maua na udongo mbichi usiopakwa rangi huyeyuka na kuoza. Sanamu za plasta zenye rangi za mafuta haziyeyuki, na mamlaka ya kudhibiti uchafuzi ya India imetoa miongozo dhidi yake tangu 2010. Nguo, mapambo ya plastiki na waya vivuliwe kabla ya sanamu kuingia majini, virudishwe nyumbani kwa gunia. Familia nyingi siku hizi huzamisha sanamu ndogo ya udongo katika ndoo ya maji uani, wakasubiri iyeyuke, kisha wakamwagilia bustani.